Alfred Büchi

Alfred Johann Büchi (Winterthur, Uswisi, 11 Julai 1879 – Winterthur, 27 Oktoba 1959) alikuwa mhandisi wa Uswisi anayehesabiwa kuwa mvumbuzi wa turbo, yaani kifaa kinachotumia nguvu ya moshi unaotoka katika injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini hiyohiyo.

Alipata hataza ya kwanza ya wazo hilo mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26. Hata hivyo ilipita takriban miaka 20 kabla ya wazo lake kufanya kazi vizuri katika injini kubwa za dizeli. Leo turbo hupatikana katika meli, treni, malori, jenereta na magari madogo duniani kote. Watu wengi huihusisha na magari ya mbio, lakini Büchi alianza na swali tofauti: namna ya kuzuia joto la mafuta lisipotee bure.

Maisha ya awali na elimu

Büchi alizaliwa Winterthur, mji wa viwanda katika jimbo la Zürich, kaskazini mwa Uswisi. Baba yake alikuwa kiongozi katika kampuni ya Sulzer, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1834 na kujulikana kwa injini za mvuke na mashine nyingine kubwa. Mji huohuo ulikuwa pia na kiwanda cha injini za treni kilichofahamika kwa kifupi kama SLM. Hivyo mtoto huyo alikulia mahali ambapo chuma, mvuke na mashine vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Mwaka aliozaliwa Büchi, kijana Mjerumani aliyeitwa Rudolf Diesel alikuwa Winterthur akijifunza kazi kwa vitendo katika karakana za Sulzer, akisubiri kufanya mtihani wake wa mwisho wa chuo. Baadaye Diesel alibuni injini inayobeba jina lake, na Sulzer ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kupata haki ya kuitengeneza. Injini ya kwanza ya dizeli ya Sulzer iliwashwa mwaka 1898. Injini ya aina hiyo ndiyo Büchi aliyokuja kuishughulikia kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Mwaka 1899 Büchi alijiunga na chuo cha ufundi cha serikali ya shirikisho mjini Zürich, ambacho leo kinajulikana kama ETH Zürich. Alisoma uhandisi wa mitambo na kuhitimu mwaka 1903. Baada ya hapo alifanya kazi kwa miaka kadhaa nje ya nchi, katika Ubelgiji na Uingereza. Huko Ubelgiji alikuwa katika mji wa Ghent, kwenye kampuni ya Carels, ambayo nayo ilikuwa ikitengeneza injini za dizeli.

Tatizo la joto linalopotea

Ili kuelewa kazi ya Büchi ni lazima kwanza kuelewa udhaifu wa injini inayochoma mafuta ndani ya silinda. Mafuta yanapoungua, gesi yenye joto hupanuka na kusukuma pistoni. Lakini sehemu tu ya nishati ya mafuta ndiyo hugeuka kuwa kazi. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja hutoka pamoja na moshi kupitia bomba la ekzosi, na sehemu nyingine kubwa huchukuliwa na maji au hewa ya kupozea injini.

Moshi huo haupotezi joto pekee. Hutoka ukiwa bado na mgandamizo na mwendo wa kasi. Büchi aliona kwamba nguvu hiyo ingeweza kuzungusha gurudumu lenye mapanga, yaani turbini, kama vile maji yanavyozungusha gurudumu la kinu.

Tatizo la pili lilikuwa hewa. Mafuta hayaungui bila oksijeni. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka, na haiwezi kuvuta zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa na ukubwa wa silinda na mgandamizo wa hewa ya nje. Fundi akiongeza mafuta bila kuongeza hewa, injini hutoa moshi mweusi, na nguvu haiongezeki kwa kiasi cha mafuta yaliyotumika. Kwa hiyo mtu aliyetaka nguvu zaidi alilazimika kutengeneza injini kubwa zaidi na nzito zaidi.

Wazo la kusukuma hewa ndani ya silinda lilikuwepo kabla ya Büchi. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alilifikiria katika karne ya 19, na mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alipata hataza ya kutumia feni kwa kazi hiyo. Lakini pampu zilizobuniwa wakati huo ziliendeshwa na injini yenyewe kwa gia, mnyororo au mkanda. Maana yake injini ilitumia sehemu ya nguvu yake kuendesha pampu. Büchi aliunganisha matatizo yote mawili: moshi unaopotea ndio ulipe gharama ya kusukuma hewa.

Hataza ya mwaka 1905

Tarehe 16 Novemba 1905 ndiyo tarehe ya hataza ya Büchi katika ofisi ya hataza ya Dola la Ujerumani, iliyopewa namba 204630. Hataza hiyo ilieleza mtambo wenye sehemu tatu zinazofuatana: kompresa ya kugandamiza hewa, injini ya pistoni, na turbini inayozungushwa na moshi. Hewa iliingia kwanza kwenye kompresa, ikaenda kwenye silinda, kisha moshi ukapita kwenye turbini kabla ya kutoka nje.

Katika mchoro huo wa kwanza sehemu zote tatu ziliunganishwa kwenye shafti moja. Turbo ya leo ni tofauti kidogo, kwa kuwa turbini na kompresa huwa kwenye shafti yao fupi isiyounganishwa na shafti ya injini. Kwa njia hiyo zinaweza kuzunguka kwa kasi kubwa mno. Katika magari madogo kasi hiyo huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Hata hivyo msingi wa turbo zote, yaani moshi kuzungusha turbini na turbini kuendesha kompresa, umo katika hataza hiyo ya 1905.

Miaka ya majaribio

Mwaka 1909 Büchi alirudi Winterthur na kuanza kazi Sulzer, kampuni aliyoitumikia baba yake. Mwaka 1911 kampuni hiyo ilianza kituo cha majaribio kwa ajili ya wazo lake, na mwaka 1915 alikuwa na injini ya mfano yenye turbo.

Matokeo hayakuridhisha. Injini ya mfano haikuweza kudumisha mgandamizo wa hewa uliotakiwa, na haikuaminika kiasi cha kuuzwa. Sababu zilikuwa kadhaa:

- Vyuma vya wakati huo havikustahimili joto la moshi na kasi ya turbini kwa muda mrefu.
- Kompresa na turbini za siku zile zilipoteza sehemu kubwa ya nishati zilizopokea, hivyo faida iliyobaki ilikuwa ndogo.
- Turbini iliziba njia ya moshi kwa kiasi fulani. Moshi uliokwama ulirudi nyuma na kuizuia pistoni isitoe uchafu wote kwenye silinda.

Sababu ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote. Chuma bora na kompresa bora vingeweza kupatikana kadiri viwanda vilivyoendelea. Lakini kama kifaa cha kuongeza nguvu kinaizuia injini kupumua, basi wazo lenyewe lina kasoro. Büchi aliendelea kulifanyia kazi suala hilo kwa takriban miaka 10 zaidi.

Wahandisi wengine wa wakati wake

Wakati Büchi akihangaika na injini kubwa za dizeli, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) ilileta haja nyingine ya turbo. Ndege zinapopanda juu hukuta hewa nyepesi, na injini zao hupoteza nguvu. Nchini Ufaransa Auguste Rateau alitengeneza turbo za injini za ndege. Nchini Marekani kazi hiyo ilifanywa na Sanford Moss wa kampuni ya General Electric.

Mwaka 1918 Moss alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak, jimbo la Colorado, chenye kimo cha mita 4,302. Bila turbo injini hiyo ilipoteza takriban theluthi moja ya nguvu iliyokuwa nayo chini kwenye usawa wa bahari. Ilipofungwa turbo ilirudisha nguvu yake yote. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia turbo za Marekani zilitumika kwenye ndege kubwa za mabomu kama B-17.

Kwa sababu hiyo historia ya turbo haina mtu mmoja tu. Rateau na Moss waliithibitisha angani, lakini hataza ya Büchi iliwatangulia. Yeye pia ndiye aliyeifanya iwe na faida kwa injini zinazofanya kazi chini, mwaka baada ya mwaka, kwa gharama ambayo mwenye meli au mwenye kiwanda angeikubali.

Mafanikio ya mwaka 1925

Mwaka 1925 Büchi aliomba hataza nyingine nchini Uswisi, kwa jina lake mwenyewe. Hii ndiyo iliyotatua tatizo la moshi kurudi nyuma.

Njia yake ilitegemea jambo rahisi kulieleza. Moshi hautoki kwenye silinda kwa mfululizo kama maji ya bomba, bali hutoka kwa mapigo, kila vali ya kutolea moshi inapofunguka. Hapo awali moshi wa silinda zote ulikusanywa kwenye bomba moja pana, na nguvu ya mapigo ikapotea humo. Büchi alitumia mabomba membamba. Tena alizigawa silinda katika makundi, ili zile zinazotoa moshi kwa zamu zilizoachana ndizo zitumie bomba moja. Hivyo pigo la silinda moja liliifikia turbini likiwa bado na nguvu, bila kuingiliana na pigo la jirani yake.

Baada ya kila pigo mgandamizo ndani ya bomba ulishuka kwa muda mfupi. Büchi aliutumia muda huo kuacha vali ya hewa na vali ya moshi zikiwa wazi pamoja. Hewa safi kutoka kwenye kompresa ilipita ndani ya silinda, ikafagia mabaki ya moshi na kupoza vali, pistoni na hata turbini. Kwa hatua hiyo moja injini ilipumua vizuri zaidi na vyuma vilipungukiwa na joto.

Uthibitisho mkubwa ulitoka Ujerumani. Meli mbili za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, zilizoshushwa majini mwaka 1926, zilifungwa injini za dizeli zenye silinda 10 na turbo zilizobuniwa chini ya usimamizi wa Büchi. Nguvu ya injini moja ilipanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 40, bila kuongeza ukubwa wa silinda. Meli hizo zilitumika katika safari za Bahari ya Baltiki kati ya Ujerumani na Prussia Mashariki. Zote mbili zilizama tarehe 9 Julai 1941 karibu na kisiwa cha Öland cha Uswidi baada ya kugonga mabomu ya majini.

Ushirika na kuenea kwa turbo

Mwaka 1926 Büchi aliunda ushirika ambao mara nyingi huitwa Sindikati ya Büchi. Kazi ziligawanywa kati ya pande tatu. Büchi mwenyewe alisimamia uhandisi na mawasiliano na wateja. Kampuni ya Brown Boveri ya mji wa Baden, Uswisi, ilitengeneza turbo. SLM ya Winterthur ilitoa injini za dizeli kwa ajili ya majaribio.

Mpango huo ulikuwa wa busara kwa sababu turbo haifanyi kazi peke yake. Lazima ilingane na injini: ukubwa wa turbini, urefu wa mabomba, wakati wa vali kufunguka na kiasi cha mafuta. Kampuni za injini zilihitaji mtu wa kuzisaidia kulinganisha mambo hayo, na Büchi alijua kazi hiyo kuliko wengi.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 watengenezaji kadhaa wakubwa wa injini za dizeli, wakiwemo MAN ya Ujerumani, walikuwa wakitumia mfumo wake. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilitengeneza injini ya lori yenye turbo. Mwaka 1952 meli ya kubebea mafuta ya Denmark, Dorthe Mærsk, ikawa meli ya kwanza yenye injini kubwa ya mipigo miwili iliyofungwa turbo. Büchi alikuwa hai kuona hatua hiyo.

Turbo katika magari

Büchi alifariki kabla turbo haijafika kwenye magari madogo yanayouzwa kwa umma. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa mawili ya kwanza: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire haikudumu, ilitengenezwa kwa miaka miwili tu.

Katika miaka ya 1970 turbo ilipata sifa kupitia magari ya michezo na mashindano. BMW ilitoa 2002 turbo mwaka 1973, yenye nguvu farasi 170. Porsche ilionyesha 911 Turbo mjini Paris mwaka 1974. Injini yake ya lita 3 ilitoa nguvu farasi 260. Mwaka 1977 Renault iliingiza gari la turbo katika mashindano ya Formula 1, na mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille akashinda nalo huko Dijon, Ufaransa.

Katika Afrika Mashariki turbo ilionyesha uwezo wake kwenye Safari Rally nchini Kenya. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda mashindano hayo akiendesha Toyota Celica Twincam Turbo. Mwaka 1985 gari la aina hiyo lilishinda likiendeshwa na Juha Kankkunen, na mwaka 1986 Waldegård akashinda tena. Sehemu kubwa ya njia za mashindano hayo ziko kwenye nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini yenye turbo hupungukiwa kidogo tu mahali kama hapo, kama Moss alivyoonyesha huko Pikes Peak.

Nguvu ya turbo na klachi

Nguvu inayoongezwa na turbo lazima ipite mahali fulani ili ifike kwenye magurudumu. Katika gari la gia za mkono, mahali pa kwanza ni klachi. Ndiyo maana mwenye gari la michezo anayeongeza mgandamizo wa turbo mara nyingi hulazimika kubadili klachi kabla ya kubadili kitu kingine.

Klachi hupitisha nguvu kwa msuguano. Sahani ya klachi hubanwa kwa springi kati ya flaiwili, ambalo ni gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa shafti ya injini, na sahani ya chuma inayoitwa presha pleti. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachiwa; akiachia pedali, hubanwa tena. Uwezo wa klachi hutegemea mambo manne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano wa kitambaa chake, nguvu ya springi, na umbali wa wastani kutoka katikati hadi kwenye kitambaa. Ukizidisha hayo manne unapata nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuhimili, inayopimwa kwa nyutoni-mita (Nm).

Kwa mfano, klachi ya sahani moja ina nyuso 2. Kama kipimo cha msuguano ni 0.3, springi inabana kwa nyutoni 6,000 na umbali ni mita 0.1, basi uwezo wake ni 2 × 0.3 × 6,000 × 0.1 = 360 Nm. Inafaa kwa injini ya 300 Nm, kwa kuwa inabaki akiba ya asilimia 20. Injini hiyo ikiongezewa mgandamizo wa turbo hadi itoe 450 Nm, klachi itateleza: mizunguko ya injini hupanda bila gari kuongeza mwendo, kunatoka harufu ya kuungua, na kitambaa huisha haraka.

Njia za kuongeza uwezo ni zilezile nne, na kila moja ina gharama yake.

- Springi kali zaidi. Ikibana kwa nyutoni 7,500, uwezo unafika 450 Nm. Lakini bado hakuna akiba, pedali inakuwa nzito, na beringi za injini hubeba mzigo zaidi kila klachi inapokanyagwa.
- Kitambaa chenye msuguano mkali zaidi, kama cha kauri au cha unga wa metali uliogandishwa kwa joto. Kwa kipimo cha 0.4, uwezo unakuwa 480 Nm. Kitambaa hicho hustahimili joto, lakini hushika kwa ghafla, hivyo gari huruka au kutetemeka linapoanza kuondoka. Ni kero kwenye msongamano wa mjini.
- Sahani mbili badala ya moja. Nyuso zinakuwa 4 na uwezo unapanda hadi 720 Nm bila kuifanya pedali kuwa nzito. Bei yake ni kubwa, na baadhi hutoa kelele injini ikiwa imetulia.
- Klachi ya kipenyo kikubwa zaidi, ikiwa ndani ya nyumba ya klachi kuna nafasi. Uzito wake huongezeka, na gia huchelewa kidogo kuingia.

Kipimo cha kuchagulia ni nguvu ya kuzungusha, wala si nguvu farasi pekee. Injini mbili zinaweza kuwa na nguvu farasi 300 kila moja. Ile isiyo na turbo inayofikia nguvu hiyo kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika inatoa takriban 263 Nm hapo. Yenye turbo inayoifikia kwenye mizunguko 5,000 inatoa takriban 421 Nm. Klachi inayotosha kwa ya kwanza itateleza kwenye ya pili. Tena injini ya turbo hutoa nguvu hiyo kwa mshtuko, turbini inapofika kwenye kasi yake. Kwa hiyo klachi huteleza kwanza kwenye gia za juu, mizunguko ikiwa ya wastani, dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Kwa gari linalotumika barabarani kila siku, chaguo zuri kwa kawaida ni klachi yenye akiba ya kiasi juu ya nguvu halisi ya injini, yenye kitambaa laini kadiri inavyowezekana. Klachi kali kupita kiasi huhamisha tatizo tu: isipoteleza kabisa, mshtuko wote huenda kwenye gia boksi, shafti na ekseli. Watengenezaji wanalijua hilo. Porsche iliipa 911 Turbo ya kwanza gia boksi iliyoimarishwa yenye gia 4, ingawa 911 nyingine za wakati huo zilipatikana na gia 5. Klachi mpya pia huhitaji kuzoeshwa kwa mwendo wa taratibu kwa kilomita mia kadhaa kabla ya kupewa nguvu yote.

Kanuni hii inafanana na ile iliyomchukua Büchi miaka 20 kuikamilisha. Turbo yake ya kwanza iliongeza kitu kimoja kwenye injini na kuacha mengine kama yalivyokuwa. Ilifanikiwa pale mabomba, vali, joto na mafuta vilipopangwa upya ili vilingane nayo.

Kifo na urithi

Büchi alifariki Winterthur, mji aliozaliwa, tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na umri wa miaka 80.

Karakana ya turbo ya Brown Boveri mjini Baden iliendelea kuwepo baada yake. Mwaka 1988 Brown Boveri iliungana na Asea ya Uswidi na kuunda ABB, na mwaka 2022 tawi la turbo lilitengwa na kuwa kampuni inayojitegemea iitwayo Accelleron. Makao yake yako Baden hadi leo.

Tangu miaka ya 1990 turbo imerudi kwenye lengo la awali la Büchi. Sheria za kupunguza moshi na bei ya mafuta vimewafanya watengenezaji wa magari watumie injini ndogo zenye turbo mahali pa injini kubwa. Magari mengi ya dizeli yanayotengenezwa sasa, yakiwemo malori yanayopandisha mizigo kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda bara, yanaitegemea. Kila moja linatumia moshi wake kujivutia hewa, kama ilivyoelezwa katika hataza ya mwaka 1905.